Ncha ya Pili ya Shuka

Watu wakiniuliza mke wangu alianza kufa lini, wanangoja niwatajie ile Alhamisi aliyoanguka. Siwatajii. Nawaambia ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tisa mwezi wa pili, asubuhi, mafundi walipoingia kwenye chumba cha kukunjia mashuka na mashine yao ya kutobolea, wakatoboa ukuta kuanzia mlangoni mpaka dirisha la mwisho, wakafunga kulabu. Siku hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Alhamisi ilikuja tu kuchukua kilichokuwa kimeshaharibika.

Mimi ni mpaka rangi. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu akamwambia baba kwamba mtoto huyu anaandika ukutani kuliko daftarini. Kwa hiyo naandika kama ninavyozungumza, na ninayemlaumu namlaumu waziwazi.

Mke wangu alikuwa mfuaji wa hospitali. Juu wako madaktari na wagonjwa, chini kabisa, ambako hata simu haishiki, ndiko walikokuwa kina mama wa mashuka. Shuka linashuka na damu, jasho na dawa, linapanda kwa lifti likiwa jeupe, limekunjwa, bado lina joto. Anayelilalia hajiulizi limepita mikononi mwa nani, na yeye simlaumu. Mgonjwa ana yake.

Kabla ya kulabu, shuka lilikunjwa na watu wawili. Huyu anashika pembe mbili, yule pembe mbili, wanarudi nyuma mpaka linyooke, wanalipiga hewani mara moja, halafu wanasogeleana. Wanakutana katikati mpaka vidole vinagusana, mmoja anamwachia mwenzake pembe zake, anainama kuokota mkunjo, wanaachana tena. Kutwa nzima ni hivyo, kukutana na kuachana. Mke wangu na mwenzake walianza kukunja pamoja binti yetu akiwa hajaota jino.

Mwenzake huyo wote walimwita Kidevu, kwa sababu alikuwa anabana foronya kwa kidevu huku mikono ikifanya kazi nyingine, na baada ya miaka mingi hata akiwa amekaa sebuleni kwetu anakunywa chai alikuwa amekiinamisha, utadhani foronya bado ipo. Mwanamke wa maneno mengi. Waliyoambiana na mke wangu juu ya yale mashuka, mimi mume sikuyajua hata nusu.

Jioni moja nilikutana naye getini nimemfuata mke wangu.

"Shemeji, leo umemkorofisha mwenzangu," akaniambia, hata salamu hajaitoa.

"Nani kakwambia?"

"Shuka. Amelivuta leo kama anakung'oa masikio. Nenda ukaombe msamaha kabla hajafika kwenye masikio yenyewe."

Na kweli asubuhi ile tulikuwa tumegombana, kwa sababu ya ndoo ya rangi niliyoiacha njiani. Mke wangu hakuwa amemwambia neno. Kidevu alikuwa ameshika ncha ya pili tu, akajua.

Sasa ile Jumanne wakafunga kulabu. Kulabu mbili kwa kila mwanamke. Unatundika pembe zako mbili ukutani, unarudi nyuma na ncha nyingine, unakunja kuuelekea ukuta, peke yako. Waliambiwa kwamba watu wawili kwenye shuka moja ni upotevu wa mikono. Walioambiwa ni kina mama, aliyewaambia ni msimamizi wao, kijana mmoja mwenye shati limenyooka, ambaye kila jambo alilianza kwa "wakubwa wamesema". Kina mama wakampa jina hilohilo. Wakubwa Wamesema anakuja, jamani, kaeni sawa. Wakubwa Wamesema ameenda chooni, sijui wakubwa wamesemaje huko.

Mke wangu alirudi nyumbani siku ile akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Wametugeuza nyuso," akasema.

"Wamewageuza vipi?"

"Zamani nilikuwa namtazama mtu. Leo nimetazama ukuta tangu naingia mpaka natoka. Kidevu wamempeleka mwisho kule dirishani. Nikitaka kumsalimia nipige kelele kama muuza magazeti, na mashine zinavyonguruma hasikii."

Nikamwambia atazoea. Ni neno ambalo kila mtu alikuwa analisema.

Hakuzoea. Akaanza kusaga meno usingizini. Akaanza kusimama katikati ya jikoni ameshika mwiko, hajui alikuwa anataka kufanya nini. Alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika ukuta, sasa binti yetu akisema jambo la kuchekesha anasema "eeh" kama anajibu simu. Na si yeye peke yake. Kule chini kina mama walikuwa wanalia chooni kwa zamu. Mmoja aliacha kazi, mwingine akamrukia Wakubwa Wamesema kwa maneno hadi akazuiwa. Wengi mwili uliwauma, mabega, shingo, kichwa.

Wakubwa wakasikia. Wakaleta mtu wa semina, akawaambia kina mama kwamba wana msongo wa mawazo. Mke wangu akarudi na neno hilo kama mtu aliyepewa dawa asiyoijua.

"Ametuuliza nyumbani kuna nini. Kama waume zetu wanakunywa. Kama tunalala. Kama tuna madeni."

"Kuhusu kulabu kauliza?"

"Kidevu alinyoosha mkono akasema kulabu. Akajibiwa kwamba semina hii ni ya mambo ya ndani ya mtu."

Ndipo wakaja na yoga.

Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba, si kijana si mzee, sauti ya chini. Kina mama wakamwita Mwalimu wa Pumzi. Walipewa ghala la zamani la sabuni, mikeka ya mpira ikatandikwa, na muda wenyewe ukakatwa kwenye mapumziko ya mchana. Nusu ya mapumziko unakula, nusu unapumua. Nilipoambiwa nilicheka kicheko kibaya. Nikasema watu hawa wamekuvunja mguu, sasa wanakufundisha kuchechemea kwa madaha.

Mke wangu hakucheka.

Hapa lazima niseme kweli, ingawa inaniuma: alipapenda pale ghalani. Jioni alikuwa anatandika mkeka wetu chumbani, analala chali, anasogeza makalio mpaka ukutani na kuinua miguu yote miwili, visigino vikigusa ukuta, mikono ameitupa pembeni. Alikaa hivyo mpaka uso ukarudi kuwa uso wake.

"Huu ndio ukuta pekee ninaoupenda," akasema.

"Unauchafua. Tazama alama za visigino. Rangi hii niliipiga mwenyewe, tabaka mbili."

"Utapiga ya tatu. Njoo ulale hapa."

"Mimi? Mwanamume mzima niweke miguu juu kama kuku wa kuchinjwa?"

"Njoo bwana. Fumba macho, sikiliza pumzi inapoingia."

Nikalala. Nikafumba. Kidogo tu nikaanza kukoroma, akanipiga kiwiko huku anacheka.

"Nenda zako kitandani. Wewe huna msongo, una usingizi tu."

Hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Jumanne ile. Akaacha kusaga meno. Akawa anatembea kwa miguu kutoka kazini, anasema Mwalimu wa Pumzi kawaambia kutembea kunamwaga uchungu njiani usifike nao nyumbani. Akanieleza siri ya mchezo wenyewe. Anasema mwalimu anawaambia: kuwa hapa ulipo, usiende jana, usiende kesho.

"Na unaweza?"

Akafikiri. "Pale ghalani naweza. Nikirudi kwenye kulabu najaribu. Nakuwa hapa. Lakini hapa penyewe ni ukuta."

Ile Alhamisi aliyoanguka alikwenda kazini amevaa kitambaa chake cha kichwa cha kijani. Binti yetu alimfunga nyuma kwa sababu alisema mkono umechoka. Mkono umechoka. Mkono wa mfuaji lini haukuchoka?

Yaliyotokea nimeyapata kwa Kidevu. Ilikuwa baada ya mapumziko, mashine za kukaushia zote zimewashwa, kelele tupu na mvuke. Mke wangu alitundika shuka, akarudi nyuma, akaanguka. Shuka likachomoka kwenye kulabu likamshukia, likamfunika kutoka kichwani hadi miguuni. Wenzake kulia na kushoto walikuwa wameelekea ukuta, kila mmoja na shuka lake. Na sakafu ile haikosi mashuka yaliyoanguka. Kuna mwanamke ambaye kazi yake ni kupita na kikapu kuyaokota yakafuliwe upya. Ndiye aliyefika pale, akashika pembe, akavuta. Shuka likakataa.

Kuna ngazi tu kati ya chumba kile na madaktari. Waliposhuka, walisema ni kiharusi, presha imepasua mshipa, na kwamba muda ulikuwa umepita. Muda gani umepita, hakuna aliyeweza kusema, kwa sababu hakuna aliyemwona akianguka.

Kidevu alinililia begani siku ya maziko. "Shemeji, ningekuwa nimeshika ncha ya pili, lingenitoka mkononi. Ningejua papo hapo. Au labda ningejua wiki moja kabla. Au nisingejua, sijui. Lakini ningekuwa nimeshika."

Wakubwa walikuja nyumbani kutoa pole. Walikuja wengi, na maneno mazuri. Walisema mke wangu alikuwa mfano wa utulivu kazini. Walisema wamekubaliana mambo mawili. La kwanza, binti yetu, aliyekuwa amemaliza shule na kukaa tu nyumbani, achukue nafasi ya mama yake. La pili, lile ghala la sabuni ligeuzwe Chumba cha Utulivu, kwa kumbukumbu ya marehemu, picha yake itundikwe humo, na kazi ya rangi nipewe mimi.

Nilitaka kuwatoa nje na pole zao. Binti yangu akanitazama. Ana macho ya mama yake, yale ya kukwambia tulia kwanza.

"Baba, nimetafuta kazi mpaka soli zimeisha," akaniambia walipoondoka. "Unataka nikatae?"

"Wanakupeleka kwenye kulabu za mama yako."

"Najua."

"Zilezile."

"Baba, kulabu zote zinafanana."

Akaenda. Na mimi nikakubali rangi, lakini si kwa sababu yao. Nilikubali ili niingie mle ndani nimwone mtu mmoja mmoja, nimpate aliyesema zifungwe. Nikimpata aliyesema zifungwe, huyo huyo anaweza kusema zifunguliwe, kabla hazijamchukua na mtoto. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka, na hadi leo sitaki jingine.

Walichagua rangi ya kijani hafifu, ile ya maji ya kabichi. Wanasema inatuliza. Nikaondoa madoa ya sabuni, nikaziba nyufa, nikapiga tabaka ya kwanza. Mlango ukiwa wazi nilikuwa naona hadi chumba cha kukunjia. Migongo tu. Safu ya migongo ya wanawake, na katikati mgongo wa binti yangu, kitambaa cha kijani kichwani.

Mwalimu wa Pumzi alinikuta juu ya ngazi. Nilikuwa nimemwekea hasira tangu msibani.

"Pole na kazi, baba," akasema.

"Na wewe pole na kazi. Unawapumulisha watu mpaka pumzi inaisha."

Hakukasirika, na hilo likanikasirisha zaidi. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Una haki ya kunisema. Lakini ngoja nikwambie jambo, halafu uniseme vizuri. Wiki ile ya mwisho niliwaambia wainue mikono, nikaona wa mama ule wa kushoto unachelewa. Wa kulia unafika juu, wa kushoto bado uko njiani. Nikamuuliza, akasema ni uchovu. Nikamwendea msimamizi nikamwambia huyu mama apandishwe juu apimwe."

Nikashuka ngazi. "Akasemaje?"

"Akasema atawafikishia wakubwa."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilimuuliza tena siku ya pili. Akasema amefikisha." Akatazama mikono yake. "Baba, mimi naweza kumfundisha mtu kupumua mbele ya ukuta. Kuutoa ukuta siwezi. Nilipokuja nilikuta kulabu zimeshafungwa. Nilidhani wamezoea."

Neno lilelile.

Nikamwendea Wakubwa Wamesema. Alikuwa kwenye kijichumba chake cha kioo, anakula ndizi.

"Ulimfikishia nani habari ya mkono wa mke wangu?"

"Mzee wangu, poleni sana. Niliipeleka juu."

"Juu wapi? Juu kuna paa pia."

"Kwa wakubwa."

"Na kulabu nani alisema zifungwe?"

"Wakubwa walisema."

"Mkubwa gani? Ana kichwa? Ana miguu?"

Akaweka ndizi chini. Kwa mara ya kwanza nikaona ni mtoto tu, na kwamba yeye mwenyewe hajui. "Mzee, kwa kweli mimi niliwakuta mafundi asubuhi wanatoboa. Nikauliza, fundi akaniambia wametumwa."

Jioni ile niliporudi niliwasha taa ya chumbani nikatazama ukuta wangu. Alama za visigino bado zilikuwepo, sijazigusa mpaka leo, na mimi ni mpaka rangi. Za kulia ni duara safi, moja juu ya nyingine. Za kushoto ziko chini kidogo, zimeburuzika. Unaona kisigino kimepanda, kikashindwa kukaa, kikateleza. Nimelala chumba kimoja na ukuta ule. Na hospitali nzima ya watu waliosoma ilikuwa imelala juu ya mashuka yake.

Siku ya kufungua chumba walikuja hadi wale ambao hawajawahi kushuka chini. Utepe ulikatwa, picha ya mke wangu ikiwa imetundikwa juu ya mikeka, ile aliyopigwa kwenye harusi ya mdogo wangu, anacheka. Mkurugenzi alizungumza vizuri. Alisema mwanamke ni nguzo, na nguzo inahitaji kupumzika. Alisema msongo unaanzia ndani, na amani inaanzia ndani. Kisha akasema mume wa marehemu, ambaye pia ndiye aliyetupakia rangi hii nzuri, atuambie mawili matatu.

Nikasimama. Binti yangu alikuwa mstari wa mbele, amekaa mkekani na wenzake.

"Nashukuru," nikasema. "Mimi nina swali moja. Nani aliagiza zile kulabu?"

Wakaanza kutafuta mlango kwa macho.

Mkurugenzi akamtazama mkuu wa utumishi. Mkuu wa utumishi akamtazama mhandisi wa majengo. Mhandisi akasema kazi yake ni kufunga kilichoombwa. Aliyeomba ni nani? Akasema ni idara. Idara ikamtazama Wakubwa Wamesema, naye akatazama viatu vyake.

"Baba, kaa," binti yangu akanong'ona.

"Siwatukani," nikasema. "Nauliza tu. Mtu aliyewaza jambo hili ana jina. Aje aseme, nilikuwa na sababu hii na hii. Labda ni sababu nzuri, mimi sikusoma. Halafu azifungue."

Nyuma Kidevu akasema kwa sauti, "Ajibiwe jamani!" Na kina mama wakaguna, ile miguno ya chini ya watu wengi.

Mkurugenzi akainua mikono yake. "Ndugu zangu, tunaelewa uchungu wa mzee wetu. Naomba sote tufumbe macho, tuvute pumzi moja ndefu kwa ajili ya mama yetu."

Na wakafumba. Wale wakubwa wote, na suti zao, wakafumba macho. Mimi sikufumba. Nikamwona Mwalimu wa Pumzi naye hajafumba, na machozi yanamtoka. Walipofumbua, mkutano ulikuwa umekwisha, watu wakaenda kwenye soda.

Sasa sikieni kilichofuata. Siku chache baadaye, kina mama waliingia Chumba cha Utulivu mchana na hawakulala mikekani. Kidevu aliingia na shuka chini ya kwapa, akalitandaza, akampa binti yangu ncha ya pili. Wengine wakaenda kuchukua yao. Wakasimama wawili wawili, uso kwa uso, chini ya picha. Mwalimu wa Pumzi alisimama akiwatazama, kisha, anasimulia binti yangu, akasema polepole: "Vuteni pumzi mkiachana. Toeni mkikutana." Wakakunja hivyo mapumziko yote. Mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote. Binti yangu alirudi nyumbani uso umefunguka. Nikamwambia laiti mama yako angekuwepo.

Mkurugenzi alipita akaona. Akafurahi sana, akasema hayo ndiyo mazoezi, endeleeni. Wiki iliyofuata walikuta matoroli yamesimama mlangoni mwa Chumba cha Utulivu, yamejaa mashuka. Wakubwa Wamesema alikuwa pembeni, hathubutu kuinua macho.

"Wakubwa wamesema," akaanza, na hakuna aliyecheka.

Ndiyo hivyo. Wakubwa wakatwaa hata ile nusu ya mapumziko. Mchana wanakunja wawili wawili na wanaambiwa wanapumzika, asubuhi na jioni wanarudi kwenye kulabu peke yao. Mwalimu wa Pumzi alikwenda juu kulalamika, na sasa hayupo tena. Wameweka redio ndogo inayotoa sauti ya mawimbi.

Mimi nimerudi pale mara nyingi. Getini wananijua. Wananiambia mzee, swali lako limefika. Nauliza limefika wapi, wananiambia juu.

Binti yangu ananiomba niache. "Wataniondoa, baba. Halafu tutakula rangi?"

"Mkono wako vipi?"

"Mzima."

"Wa kushoto?"

"Baba!"

Lakini Jumapili akifua mashuka ya nyumbani, mimi ndiye ninayeshika ncha ya pili. Nimemwambia ni kwa sababu uzee unanituma. Anajua si hivyo. Tunasimama uani, tunarudi nyuma, tunalipiga shuka hewani, na mimi navuta taratibu nikisikiliza kwa vidole.

"Unavuta kama unatoa ndoo kisimani," ananitania. "Mama alikuwa hafanyi hivyo."

"Mama yako alikuwa fundi. Mimi najifunza."

Leo, Jumapili, tulikuwa tumekutana katikati, nikampa pembe zangu, tukaachana. Nikavuta. Upande wake wa kulia ukakaza mara moja. Wa kushoto ukaja nyuma yake, ukiwa umelegea, kidogo sana, labda ni upepo. Nikasimama. Yeye hakuona kitu. Alikuwa anatazama jirani akimfukuza paka.

"Vuta tena," nikamwambia.

"Limenyooka, baba."

"Vuta tena, mwanangu."

Kesho Jumatatu nampeleka kupimwa mwenyewe, hata kama watamkata siku, na nikitoka hapo nitapita tena getini. Nitasimama hapohapo ninaposimama siku zote, na nitawauliza wote, kuanzia mlinzi mpaka yule anayekaa juu kabisa ambako hakuna tena wa kumpelekea: nani aliagiza zile kulabu?